Moshi Usiachiwe Mfumaji Peke Yake

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, uzi wa pamba na jiko la makaa mara nyingi hulala chumba kimoja. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za rais Kamuzu Banda, ikapangiwa watu wasiozidi 12,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na ukipita vichochoroni utasikia Kiswahili kila upande. Nyumba ni ndogo na zimebanana. Mama anayefuma vitambaa vya meza au kushona mikoba ya kitenge nyumbani kwake anafanya kazi hiyo palepale anapopikia, anapolala na anapolea. Uzi unakaa kwenye mfuko chini ya kitanda, kitambaa kilichokwisha kinaning'inia msumarini, na mvua ikinyesha mbaula, lile jiko la makaa, inaingizwa ndani. Kazi inatoka nzuri, mishono imenyooka, rangi zimepangwa kwa jicho la fundi, ila inanuka moshi. Wanunuzi na wafadhili wengi huichukulia harufu hiyo kuwa uzembe wa usafi, kisha wanamwambia mfumaji afue vizuri zaidi. Nadhani wanakosea. Harufu ya moshi kwenye uzi wa asili inatokana na mahali pa kuhifadhi na nishati ya kupikia, na gharama ya kuizuia inapaswa kubebwa na kila anayefaidika na kazi hiyo, kuanzia anayeagiza mzigo Lilongwe.

Umbali wa kutoka Dzaleka hadi Lilongwe si wa kilomita tu. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1987, lakini ikaweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu, vikiwemo vinavyohusu kufanya kazi na kutembea kwa uhuru. Mkimbizi anatakiwa aishi kambini. Kwa miaka mingi utekelezaji ulilegea, watu wakafungua maduka mijini, hadi Machi 2023 serikali ilipowaamuru warudi Dzaleka, na kufikia Mei polisi walikuwa wakiwakusanya mitaani na madukani. Tangu hapo mengi yanayotengenezwa kambini yanakwenda mjini bila aliyeyatengeneza. Yanapita mikononi mwa shirika, rafiki, mchuuzi au mteja aliyekuja mara moja. Mfumaji hayupo kaunta kumweleza mteja kwamba kitambaa kilikaa wiki tatu karibu na jiko na kwamba kikifuliwa mara moja kitakuwa sawa. Mteja anakiinua, anakisogeza puani, anakirudisha. Bei inashuka au mauzo yanakufa, na aliyepoteza hata hajui sababu. Bidhaa inayosafiri peke yake haina wa kuitetea, kwa hiyo lazima iondoke kambini ikiwa safi.

Kwa nini uzi wa asili unashika moshi namna hiyo? Moshi wa kuni ni vitu viwili kwa pamoja: chembe ndogo mno za masizi na lami, nyingi zikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na mvuke wa kemikali zinazozaliwa mti unapoungua. Miongoni mwa kemikali hizo kuna jamii ya fenoli, hasa gwayakoli na siringoli, zitokanazo na ligini, ile gundi inayoufanya mti uwe mgumu. Ndizo zinazompa samaki wa kukaushwa kwa moshi harufu yake. Unyuzi wa pamba una unene wa kama sehemu 15 za elfu za milimita, umesokoteka wenyewe kama utepe, una uwazi katikati, na umejengwa kwa selulosi inayopenda maji. Sufu nayo ina magamba juu na protini ndani, na inaweza kunywa unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla haijaonekana kulowa. Maumbile hayohayo yanayozifanya pamba na sufu zivute jasho na zipendeze mwilini ndiyo yanayozifanya zivute fenoli. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa vitendo. Mwanamke wa Unguja au Lamu anapofukiza kanga kwa udi, anategemea kitambaa kinywe moshi na kuutoa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kitambaa hakibagui kati ya moshi wa udi na moshi wa kuni mbichi. Kinakunywa chochote kilichomo chumbani.

Kwa hiyo kufua kunasaidia, lakini kwa anayejua anapambana na nini. Fenoli ni asidi dhaifu. Katika maji matupu zinang'ang'ania unyuzi. Katika maji yenye magadi soda ya kufulia zinageuka chumvi inayoyeyuka na kuondoka. Ndiyo maana uzi wa pamba unanufaika ukiloweshwa saa chache katika maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo na sabuni ya unga, kisha ukasuuzwa mara kadhaa. Bikaboneti ya kupikia ni laini zaidi na nguvu yake ni ndogo. Wengi humimina siki na bikaboneti kwenye beseni moja kwa sababu povu linalopanda linaonekana kama kazi inafanyika, kumbe viwili hivyo vinauana na kubakisha maji ya chumvi. Siki ina nafasi yake mwishoni, kijiko kimoja au viwili katika ndoo ya kusuuzia, ili kuondoa mabaki ya magadi na ukungu wa sabuni unaoufanya uzi uwe mgumu. Sufu inataka utaratibu mwingine. Magadi huila protini yake, na jiki huweza kuiyeyusha kabisa, kwa hiyo inafuliwa kwa sabuni isiyo kali, kwenye maji ya joto lilelile kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusuguliwa, na sehemu kubwa ya kazi huachiwa upepo wa siku mbili au tatu kivulini. Kitenge cha rangi nzito nacho kipewe kivuli, maana jua kali linakausha harufu pamoja na rangi. Uzi ambao haujafumwa ufungwe kwanza kwa vikamba vilegevu, sehemu nne za kitanzi, ama sivyo utatoka kwenye beseni ukiwa fundo moja la kutupwa. Kabla ya maji yoyote utikiswe na kuanikwa penye upepo, kwa sababu chembe za masizi zikilowa kabla ya kupeperushwa zinapakaa.

Hata hivyo kuna jambo linaloharibu kazi hii yote, nalo halizungumzwi vya kutosha. Uzi uliofuliwa unaweza kunusika safi ukiwa mkavu, kisha ukaanza kunuka upya siku ya mvua. Molekuli za maji zinapoingia katika unyuzi zinazisukuma nje kemikali zilizokuwa zimejishika humo. Mkoba ulionunuliwa Agosti, wakati hewa ya Malawi ni kavu, unaweza kumsumbua mwenye nao Desemba. Kipimo cha haki, basi, ni kunusa kitambaa kikiwa na unyevunyevu na vuguvugu kidogo. Na anayenusa asiwe aliyekifuma. Pua huzoea harufu kwa dakika chache tu. Aliyeko karibu na jiko tangu alfajiri hawezi kuisikia tena, kama vile mvuvi asivyosikia samaki. Hili halimpunguzii mfumaji heshima yoyote, ni maumbile ya pua ya kila binadamu. Linaonyesha tu kwamba kumtwika yeye peke yake kazi ya kukagua harufu ni kumdai kitu ambacho mwili wake hauwezi kutoa.

Sasa tuhesabu maji. Chukua kilo moja ya uzi, iloweshe katika ndoo ya lita 10, isuuze mara tatu. Lita 40 zimekwisha. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi linatumia kipimo cha lita 20 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha kawaida cha kambi, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kilo moja ya uzi imemeza mgawo wa watu wawili, na maji hayo yamebebwa kichwani kutoka bombani baada ya foleni, mara nyingi na msichana. Ongeza sabuni na magadi, ambavyo vinanunuliwa. Ongeza siku mbili za kuanika katika ua uliozungukwa na majiko ya majirani, kwa hiyo uzi unaweza kurudi ndani ukiwa na moshi wa watu wengine. Anayesema "si wafue tu" anaagiza kazi ambayo bei yake hajaiweka popote kwenye ankara. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba nguvu ielekezwe kwanza kuuzuia moshi usiufikie uzi, na kufua kuwe kwa ajili ya kilichoponyoka.

Kuzuia kunawezekana kwa vitu vya kawaida kabisa. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ile inayouziwa mafuta au rangi, ikioshwa ikakauka, inaukinga uzi kuliko sanduku la mbao au mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Mfumaji anatoa kitanzi kimoja cha kufanyia kazi, vingine vinabaki ndani. Kitambaa kilichokwisha kinaingia kwenye ndoo ya pili siku hiyohiyo, kikiwa kikavu kabisa, kwa kuwa unyevu uliofungiwa huzaa ukungu, na harufu ya ukungu inaondoka kwa shida kuliko ya moshi. Kifuko cha makaa mapya yaliyosagwa, kikifungwa kwa kitambaa ili yasichafue, kinanyonya kiasi cha harufu iliyobaki. Saa nazo zina maana yake. Makaa hutoa moshi mwingi yanapowashwa, hasa yakiwashwa kwa plastiki au vijiti vibichi. Kwa hiyo kuwashia nje na kufuma wakati usio wa kuwasha kunapunguza mengi, mradi ikumbukwe kwamba makaa yaliyokolea hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyonusika inayoua, na kuyaingiza katika chumba kilichofungwa ni hatari kubwa kuliko harufu yoyote. Kisha kuna pasi. Pasi ya makaa hupitishwa juu ya kitambaa kama hatua ya mwisho, mzigo ukiwa karibu kufungwa, na matundu yake yanapumulia majivu na moshi juu ya kazi iliyokwisha kusafishwa. Kitambaa cha meza kinaweza kunyooshwa kwa kukivuta kikiwa na unyevu na kukibana kingo kwa pini juu ya godoro safi, pasi isihitajike kabisa. Bora zaidi kungekuwa na chumba kimoja cha pamoja chenye madirisha, kisichopikiwa, ambamo uzi wa kikundi unahifadhiwa kwa zamu na pasi ya umeme inafanya kazi umeme unapokuwapo.

Wapo watakaosema tunazunguka mbuyu, kwamba dawa ni majiko bora. Malawi kweli imefanya kazi kubwa upande huo. Jiko la udongo liitwalo Chitetezo Mbaula linafinyangwa na vikundi vya wanawake vijijini, linatumia kuni chache, na ni rahisi. Sina neno dhidi yake. Lakini Malawi hiyohiyo ndiyo iliyotoa moja ya tafiti kubwa zaidi duniani kuhusu majiko. Huko Chikhwawa na Karonga, watoto 10,750 walifuatiliwa, nusu ya vijiji vikipewa majiko ya kisasa yenye feni yanayounguza kuni vizuri zaidi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwishoni mwa 2016: nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano haikupungua. Watafiti walionyesha kwamba moshi una vyanzo vingi, taka zinazochomwa, majirani, tumbaku, na kwamba majiko yaliharibika. Ikiwa jiko bora ndani ya nyumba moja halikutosha kuyakinga mapafu ya mtoto kijijini, halitatosha kuukinga uzi ndani ya kambi ambamo ukuta wa jirani uko hatua tatu. Zaidi ya asilimia 90 ya kaya za Malawi zinapikia kuni na makaa. Hata Lilongwe yenyewe, dhoruba ya kitropiki Ana ilipoharibu bwawa la umeme la Kapichira Januari 2022 na kuondoa karibu theluthi moja ya umeme wa nchi, wenye majiko ya umeme walirudi kwenye makaa. Hatuwezi kuwaambia wafumaji wasubiri hadi nchi nzima ibadili nishati yake.

Njia nyingine inayopendekezwa ni ya mkato: waache pamba, wafume kwa uzi wa akriliki, au waumwagie mzigo kilainishi cha nguo chenye manukato. Akriliki imejaa sokoni na ni ya bei nafuu, na siwalaumu wanaoitumia. Lakini haikimbii moshi. Ni jamii ya plastiki, inakunywa maji kidogo sana, kwa hiyo mafuta na lami yanapokaa juu yake maji yanashindwa kuyafikia vizuri. Pamba inalowa hadi ndani na kuachia kilichomo. Tena mteja anayetafuta kazi ya mkono mara nyingi anatafuta pia kitu cha asili, na hapo ndipo bei nzuri ilipo. Manukato nayo yanaweka harufu juu ya harufu. Yanapokwisha baada ya wiki mbili, moshi unabaki, na mteja anahisi amedanganywa. Hilo linaumiza jina la kambi nzima, wala si la mfumaji mmoja.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanaosema harufu hiyo ni sehemu ya kazi, kwamba inaonyesha ilikotoka. Hoja hii ina mizizi. Sufu ya Harris Tweed ya visiwa vya Uskoti ilijulikana zamani kwa harufu ya moto wa mboji, na wapo walioipenda. Malawi yenyewe imekuza kwa miongo mingi tumbaku inayokaushwa kwa moshi wa kuni, ambapo moshi ndio unaotafutwa na mnunuzi. Tofauti iko kwenye hiari. Mwenye bani la tumbaku anachagua kuni, anapima moto, anauza moshi kwa makusudi, na mwenye udi vivyo hivyo. Mfumaji wa Dzaleka hakuchagua. Moshi ulioingia kwenye uzi wake ndio huohuo ulioingia kwenye kifua chake na cha mwanawe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kuugeuza mzigo huo kuwa nakshi ya kumvutia mtalii ni kumtaka mtu auze dhiki yake. Kazi yake inajieleza kwa mshono na kwa rangi.

Nakubali kwamba kambi ina shida kubwa kuliko harufu ya vitambaa. Mgawo wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, na kuna wanaolala njaa. Lakini sababu hiyohiyo inafanya jambo hili liwe na uzito. Msaada unapopungua, na sheria inapombana mtu asiende kutafuta kazi mjini, kipato kinachoweza kumfikia alipo ni kile kinachotoka mikononi mwake na kusafiri bila yeye. Watu wa Dzaleka wameshaonyesha kwamba mji unaweza kuwafuata. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na msanii Menes La Plume mwaka 2014, huwaleta maelfu ya wageni ndani ya kambi, na shirika la There Is Hope kupitia Kibébé, biashara yake ya kazi za mikono, limeonyesha kuwa mafundi wakimbizi na wenyeji wa Dowa wanaweza kushona vitu vya kuuzika. Soko lipo, na ustadi upo. Kinachokosekana ni mtu wa katikati anayekubali kwamba kutunza uzi ni sehemu ya gharama ya kuutengeneza.

Kwa hiyo yeyote anayeagiza mzigo kutoka kambini, awe duka la zawadi la Lilongwe, hoteli au shirika, aandike katika makubaliano mambo yafuatayo kabla hajataja tarehe ya kupokea. Alipe ndoo mbili zenye vifuniko kwa kila mfumaji, na zibaki mali ya mfumaji. Maji, sabuni na magadi vihesabiwe kama vinavyohesabiwa uzi na saa za kazi. Ukaguzi wa harufu ufanywe kambini, kitambaa kikiwa na unyevu, na mtu aliyetoka nje, mfumaji akiwapo. Kitakachokataliwa kifuliwe kwa gharama ya pande zote mbili, kisha kipimwe tena. Kisirudishwe kimyakimya kwa bei ya chini. Kwa vikundi vinavyofuma pamoja, fedha za ndoo za watu 20 zinaweza kuanza kuandaa chumba kimoja cha kuhifadhia. Mvua huanza Novemba, na majiko huingia ndani pamoja nazo. Mikataba ya mizigo ya mwisho wa mwaka inaandikwa kabla ya hapo.